Mvule wa Siku za Matanga

Saa moja asubuhi wanawake kumi na mmoja walipaswa kuwa wameinama kitaluni, majembe mkononi. Mirumbe, msimamizi wa kitalu cha serikali, alifika akamkuta jogoo wa jirani peke yake, anachakura kwenye tuta la nne kana kwamba ameajiriwa. Akamfukuza kwa kofia. Akatazama njia inayotoka kijijini, asione mtu. Akaanza kuhesabu siku zilizobaki.

Sababu alikuwa nayo. Ilikuwa Machi mwaka wa 1966, mvua ndefu zimeanza kunyunyiza, na wiki nne kutoka siku hiyo Bwana Gichana, afisa mpya wa misitu, angekuja kutoka Kisii kukagua miche ya mvule. Barua yake ilisema waziwazi, na Mirumbe alikuwa ameisoma mara nyingi hata mikunjo ikaanza kuchanika: hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Miche ikiwa mizima itapandwa mlimani mvua hizi hizi. Ikiwa imeugua tena, kitalu king'olewe chote, kipandwe mikaratusi, na habari za mvule zisisikike tena hapo.

Ugonjwa wenyewe ungekuwa moto au shoka, mtu angejua asimame wapi. Huu uliletwa na kidudu kidogo kuliko kiroboto, kinachoruka ukikisogelea. Kinataga kwenye kichipukizi laini cha mche mchanga, na mche unaota vinundu vya kijani, vya mviringo, vya kupendeza hata mtoto angedhani ni matunda. Siku chache baadaye vinundu vinapasuka, kichipukizi kinaoza na kuwa cheusi, na uozo unashuka mpaka shinani. Miti mikubwa haikujali. Ilisimama tu kwenye milima ya Gwassi na majani yake mabichi. Lakini chini yake hukukuta mtoto hata mmoja aliyepita goti la mtu. Ulikuwa msitu wa wazee watupu, na wapasua mbao walikuwa wakiwamaliza wazee hao mmoja mmoja, maana hakuna mtumbwi wa heshima kutoka Gwassi hadi kisiwa cha Takawiri ziwani usio na ubao wa mvule tumboni mwake.

Na msitu ulikuwa umeanza kuonyesha hasara yake. Mvule mmoja ukiondoka, jua linaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia, na vichaka vinajaa. Kijito cha kitalu, ambacho Mirumbe alipohamia pale kilimfika magotini hata mwezi wa Januari, sasa mwezi huo kilikuwa tope la kuchezea nguruwe. Popo wa matunda walihama. Vichakani wakaingia mbung'o, wakashuka hadi malishoni, na ng'ombe wa watu wakaanza kukonda na kufa. Kila mtu aliyaona hayo, ila kila mtu alikuwa na wa kumlaumu.

Mirumbe alijilaumu mwenyewe, kimoyomoyo. Kabla ya kupewa kitalu alikuwa askari wa misitu miaka kumi na minne, na kazi yake ilikuwa nyundo. Nyundo ya serikali yenye muhuri: mti ukigongwa nayo, umeshahukumiwa. Alikuwa kijana wa Kikuria kutoka Kehancha, amepewa sare na viatu vya bure, akagonga kwa raha zake zote. Hata Novemba iliyopita, akiwa tayari mtu wa kitalu, aliitwa agonge mvule jike mkubwa wa bondeni, ule uliokuwa ukimpa mbegu. Amri ilitoka juu. Aliomba siku tatu, akaokota mbegu mpaka mgongo ukakataa, kisha akagonga. Mivule iliyobaki karibu ilikuwa madume, na dume halitoi mbegu. Kwa hiyo miche ile elfu moja na mia mbili, katika matuta kumi na mawili, ndiyo iliyokuwa yote. Ikifa hiyo, imekwisha.

Alikuwa bado amesimama na kofia yake mkononi alipomwona Roselyn, mnyapara wa wanawake, akija bila jembe. Leso ameifunga kiunoni kwa nguvu. Macho mekundu.

"Oyawore, Bwana Mirumbe," alimwamkia kwa Kijaluo.

"Mama, saa hizi? Wenzako wako wapi?"

"Mzee ametuacha. Baba mkwe. Alfajiri hii."

Mirumbe alishtuka kweli. Mzee Ogweno, fundi wa mitumbwi, alikuwa mwiba wake wa kila siku. Alikuwa na desturi ya kuja kuegemea ua wa kitalu na kumchokoza mbele ya wanawake. "Wewe Mkuria, unapanda mvule kama mahindi? Mvule haipandwi na mtu. Popo anakula, anaruka, anaenda kunya kichakani. Wewe unaweza?" Wanawake wakicheka mpaka wanashika mbavu, na Mirumbe akijifanya hasikii. Sasa angetoa chochote kumsikia tena akibwabwaja pale uani.

"Pole, mama. Pole sana. Alikuwa mtu." Lakini wasiwasi ukamsukuma. "Mtarudi lini?"

"Sisi wote kumi na mmoja ni mabibi wa huu ukoo. Hakuna mtu atashika jembe mpaka Fanuel afike. Yeye ndio kifungua mimba. Afanye mambo yake, tunyolewe, alime yeye kwanza. Ndio sisi tulime."

"Na Fanuel yuko wapi?"

"Kampala. Anafanya kazi kwa reli."

Mirumbe alihesabu kichwani. Ujumbe ufike Kampala, mtu aombe ruhusa kazini, asafiri, afanye desturi zote. Wiki tatu, zikipungua sana.

"Basi nitapalilia mwenyewe," alisema. "Mimi si wa ukoo wenu. Mimi matanga yangu yako Kehancha."

Uso wa Roselyn ulibadilika. Akamsogelea, akashusha sauti, ingawa hapakuwa na wa kuwasikia ila jogoo.

"Hapana. Sikiliza. Hii shamba ni ya mzee. Serikali iliomba, yeye akapea. Udongo ni yake. Jembe ikiingia kabla ya Fanuel, inaleta chira kwa nyumba. Watoto watakonda, watakonda, wataisha hivi hivi, na hakuna daktari atajua ni nini. Mimi nina wanne, Bwana Mirumbe. Niahidi."

Angefanya nini? Mwanamke amefiwa, anamwomba kwa ajili ya watoto wake.

"Nimekuahidi," alisema.

Alikwenda mazishini, akakaa na wanaume, akatoa pole, akarudi. Kisha mvua zikaanza sawasawa, na magugu nayo yakaamka. Siku moja kabla ya msiba Mirumbe alikuwa amekwisha kuondoa vivuli vya mafunjo juu ya matuta, kama kitabu cha idara kilivyoagiza: mwezi wa mwisho miche ipate jua kamili, na matuta yapaliliwe yawe safi kabisa. Jua lilikuwepo. Usafi ndio uliokosekana. Kishona nguo kilichomoza, mnavu ukafuata, mchicha wa porini ukajitanua bila haya. Kila asubuhi alizunguka kitalu akiwa ameweka mikono nyuma, maana ikiwa mbele ilikuwa inang'oa yenyewe. Alikwenda mpaka Homa Bay kuomba wafungwa waje wapalilie, akijiambia kwamba wao hawakuahidi mtu kitu, akaambiwa na karani kwamba wafungwa wote wako kwenye kazi ya barabara na hawatatoka huko karibuni. Akarudi amechoka, akaikuta barua ya Bwana Gichana mezani pale alipoiacha, akaisoma tena.

Kwetu sisi watu wa jembe, shamba chafu ni aibu inayoonekana kutoka barabarani. Mirumbe alilelewa na mama aliyekuwa haketi kula kabla mtama wake haujang'aa. Fikiria basi mtu kama huyo, anatazama miche ya mwisho ya mvule ikimezwa na magugu, naye ameketi juu ya ahadi.

Jumapili ya tarehe kumi na tatu kijiji chote kilikwenda kanisani. Mirumbe alisimama mlangoni mwake, akasikiliza, asisikie hata mtoto. Akachukua kijembe kifupi cha mkono. Alijiambia atasafisha tuta moja tu, la pembeni, apumue. Alipomaliza la kwanza akapata raha ambayo hakuipata wiki nzima: udongo mweusi, miche imesimama kwa mistari, hewa inapita. Akaingia la pili. Na la tatu. Alilima amechuchumaa, upesi, jasho linamwingia machoni, anayatupa magugu kijitoni yaende na maji. Alikuwa amemaliza la sita aliposikia nyimbo za watu wanaorudi kutoka kanisani, akaruka kama mwizi wa kuku, akajifungia ndani na mikono yake ya udongo.

Kesho yake Roselyn alipita kuteka maji, akasimama uani. Matuta sita meusi safi, sita yamefunikwa.

"Nani?" aliuliza.

Mirumbe alikuwa na jibu, na lilitoka jepesi kuliko alivyotegemea. "Wafungwa. Serikali iliwaleta jana kutoka Homa Bay."

Roselyn aliyapitia matuta kwa macho. "Wafungwa ni watu wa mbali. Hawajui mambo yetu."

"Hawajui, mama."

"Basi Nyasaye awasamehe. Waambie wasirudi."

"Hawatarudi."

Akajitwika debe lake akaenda, na Mirumbe akabaki akijichukia. Lakini ndani ya kujichukia kulikuwa na faraja pia, tuseme ukweli. Miche mia sita ilikuwa safi. Mia sita ingetosha kumnyamazisha Bwana Gichana. Ile mingine, aliyaona matuta yake yakigeuka kichaka, akaihesabu imekufa.

Siku ya tisa baada ya palizi aliinama kwenye tuta la kwanza akaona kinundu. Kimoja, cha kijani, kidogo kama punje ya mtama. Akakibana kwa kucha mpaka kikapasuka. Mche wa pili ulikuwa na viwili. Kufika jioni alikuwa amekagua matuta yote sita na vidole vyake vilikuwa vinanata. Kesho yake vinundu vilikuwa vingi, vidole visiviweze. Alikata vichipukizi vilivyougua kwa wembe, akavichoma moto. Alichanganya sabuni na majivu akanyunyiza. Alirudisha vivuli vya mafunjo, akaviondoa, akavirudisha. Alikoma kula vizuri. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya matuta yake safi, akitazama vidudu vikiruka kwenye jua, na akawaza jinsi alivyougonga mti mama kwa nyundo na sasa watoto wa mti huo wanakufa mikononi mwake mwenyewe. Alilia kidogo pale, mchana kweupe. Hakuna aliyemwona.

Vinundu vilipoanza kupasuka na kuwa vyeusi, ndipo Fanuel alipofika kutoka Kampala. Alikuwa mtu mkimya, mrefu, na koti la reli. Desturi zikafanywa, watu wakanyolewa, Fanuel akalima kipande chake cha kwanza. Siku ya Alhamisi, siku moja kabla ya ukaguzi, wanawake kumi na mmoja walirudi kitaluni, vichwa vinang'aa, majembe mabegani.

Walipoyaona matuta sita ya kwanza walisimama. Miche ilikuwa vijiti vyeusi. Wengine walijifunika mdomo kwa leso.

"Ilikuwa wafungwa," Roselyn aliwaambia taratibu. "Hawakujua."

Roselyn, ambaye hakupenda kusimama bure, alivuka kwenda tuta la saba, kichaka cha kufika kiunoni, ili angalau pafyekwe mgeni asikute pori. Akayatenganisha magugu kwa mikono aone pa kuanzia. Akaganda hivyo hivyo.

"Bwana Mirumbe. Kuja hapa. Kuja!"

Alikwenda bila haraka. Akainama. Katikati ya kishona nguo na mnavu, kwenye kivuli chenye unyevu, ulisimama mche wa mvule. Mwembamba, mrefu kuliko alivyotarajia, majani mapana, laini. Akaugeuza jani moja moja. Hapakuwa na kinundu. Akasogeza magugu, akaona mwingine. Na mwingine.

"Simameni!" alipiga kelele, ingawa wanawake walikuwa wamesimama tayari. "Mtu asing'oe kitu! Hata unyasi mmoja!"

Alitambaa kwa magoti tuta kwa tuta, kutoka la saba hadi la kumi na mbili. Michache ilikuwa imekufa kwa kukosa mwanga. Mizima ilikuwa zaidi ya mia tano na hamsini, na yenye vinundu aliipata minne tu, yote pembeni, mahali palipokuwa na mwanya. Kidudu hakikuiona. Kiliruka juu ya magugu kikaenda moja kwa moja kwenye miche iliyopangwa juani kama sahani mezani. Mzee Ogweno alikuwa akimwambia hayo kila siku kwa matusi yake: kichakani, kichakani. Na Mirumbe alikuwa akikodoa macho kwenye kitabu cha idara.

Furaha ilimpanda mpaka kooni, ikakutana na kitu kingine kikishuka. Miche mia sita iliyokufa aliiua yeye, kwa kijembe chake, siku aliyovunja ahadi. Kama angetii matanga ya watu, ingekuwa hai yote.

Asubuhi ya Ijumaa Bwana Gichana alishuka kwenye Landrova, kijana wa Kikisii, soksi zimevutwa mpaka magotini, kalamu mbili mfukoni. Wanawake walikuwa wamesimama upande mmoja, na Fanuel alikuwa amekuja pia, kwa kuwa shamba sasa lilikuwa lake. Gichana alitazama nusu iliyokufa. Akatazama nusu iliyokuwa pori.

"Hiki ni kitalu au ni malisho ya mbuzi?"

Mirumbe alimwongoza hadi tuta la saba, akayafunua magugu. Kijana yule hakuwa mjinga. Alipiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi, akatoa kioo cha kukuzia, akakagua jani, akakagua lingine. Alipoinuka sauti ilikuwa imepoa, lakini bado haikuamini.

"Sawa. Mizima. Kwa nini?"

"Ni magugu, bwana. Yameificha. Ile iliyopaliliwa ndiyo iliyougua."

"Hayo ni maneno. Pengine mbegu ni tofauti."

"Mbegu ni za mti mmoja."

"Pengine udongo. Pengine hii iliugua kabla ya kupaliliwa, ndiyo ukaipalilia." Alifungua kitabu cha kazi. "Nionyeshe tarehe. Tangu tarehe nne Machi hakuna kitu hapa. Kurasa nyeupe. Nani alipalilia matuta haya sita, na lini?"

Mirumbe alijifanya anayarudisha magugu juu ya mche. Roselyn, kwa wema wake, akamjibia.

"Ni wafungwa, bwana. Walikuja siku moja."

"Wafungwa wepi, mama? Mimi nimetoka kwa D.C. wa Homa Bay. Wafungwa wote wako kwa barabara tangu Februari." Gichana akakifunga kitabu. "Bwana Mirumbe, kama huwezi kuniambia nani na lini, basi huna ushahidi. Una nusu kitalu kilichokufa na nusu iliyotelekezwa, na mimi siwezi kupeleka ugonjwa mlimani kwa sababu ya hadithi. Nitaagiza kitalu chote king'olewe Jumatatu."

Kulikuwa na njia rahisi. Aseme alipalilia kabla ya msiba, akasahau kuandika. Roselyn angejua ni uongo kuhusu wafungwa, lakini angalau asingejua kwamba ahadi imevunjwa. Lakini kama palizi ilikuwa kabla ya msiba, basi miche ile ilikaa zaidi ya wiki mbili bila kinundu baada ya palizi, na Gichana angesema palizi haikuuleta ugonjwa. Ilikuwa lazima siku iwe ile ile. Mirumbe aliwatazama wanawake waliokuwa wakimchekea mwaka wa tatu sasa, ambao watoto wao aliwajua kwa majina. Alitamani ardhi impe mahali pa kuingia.

"Nilipalilia mimi," alisema. "Tarehe kumi na tatu, Jumapili, watu wakiwa kanisani. Peke yangu. Siku hiyo miche yote kumi na mawili, namaanisha matuta yote, ilikuwa mizima. Niliacha sita kwa sababu niliogopa kuonekana. Siku ya tisa vinundu vikaanza kwa yale niliyolima."

Gichana alikuwa ameshatoa kalamu. "Mbegu moja, udongo mmoja, siku moja," alinong'ona huku akiandika mbio. "Sita wazi, sita yamefichwa. Bwana Mirumbe! Unajua umefanya nini? Hili jaribio hata mimi nisingelipanga vizuri hivi. Miche hii inakwenda mlimani wiki ijayo, chini ya vichaka, na wewe ndiye utakayeongoza. Milima yote ya Gwassi!"

Mirumbe hakusikia vizuri. Alikuwa akisikiliza majembe yakiwekwa chini, moja baada ya lingine. Roselyn alimtazama, machozi yanamtoka, mkono ameuweka tumboni. Ni uso huo ambao Mirumbe angeubeba siku zake zote.

Fanuel ndiye aliyesema, bila kupaza sauti. "Mke wa ndugu yangu alikuomba. Ukakubali."

"Nilikubali."

"Sisi hatutakupiga. Nyumba tutaisafisha kwa dawa yetu. Lakini hakuna mwanamke wa hapa atabeba mti ukiwa wewe uko, wala hatapanda mahali umekanyaga."

"Basi nitaleta vibarua kutoka Kisii," Gichana alidakia.

Mirumbe alitikisa kichwa. Alijua vibarua wa kuletwa: wangefyeka, wangepanga mistari kwa kamba, wangelipwa na kwenda zao. Na mti uliopandwa juu ya kilima cha watu bila wenyewe kukubali haumalizi hata mwaka, mbuzi wanaachiliwa. Mvua nayo haikungoja kesi.

"Nikiondoka?" alimwuliza Fanuel.

"Ukiondoka, hii ya magugu jembe lako halikugusa. Hii ni ya mzee. Watapanda."

Mirumbe akamgeukia afisa wake, akavua kofia. "Bwana, nakuomba unihamishe. Leo."

Gichana alimkodolea macho kama anavyotazamwa mtu anayekataa nyama harusini. Alibisha, akabembeleza, akakasirika. Mwishowe akaandika barua.

Jumatatu asubuhi Mirumbe alikuwa barabarani na sanduku lake la bati, akingoja lori la kumpeleka Migori, na kutoka huko angetafuta njia ya Kehancha kungoja kituo kipya. Wanawake walitokea kitaluni kwa mstari, makarai vichwani, na kwenye makarai miche ya mvule imesimama na udongo wake. Walipomkaribia walihamia upande wa pili wa barabara. Akawaamkia. Walipita wakitazama mbele. Alikuwa ameilea miche hiyo tangu mbegu, na sasa hata kuishika jani asingeweza.

Wa mwisho alikuwa Roselyn. Alipita kama wenzake, akaenda hatua kumi hivi, akasimama. Hakurudi wala kuvuka barabara. Alizungumza akiwa ametazama kilima.

"Huko juu tunaweka wapi?"

Mirumbe alielekeza kidole kilimani. "Chini ya vichaka, mama. Msifyeke. Toboeni shimo katikati ya majani, mche uingie usionekane. Mmoja hapa, mwingine mbali. Msipange mstari. Na baadaye msipalilie, hata mkiona aibu. Mpaka upite kichwa cha mtu."

"Msipalilie," alirudia Roselyn, kama anayekariri. "Hao wenzangu watauliza nani amesema hivyo."

Mirumbe alilisogeza sanduku lake la bati kwa mguu.

"Siwezi kutaja jina lako huko," alisema Roselyn. "Nitasema mzee amenionyesha. Kwa ndoto."

Ilimuuma, asitake kujidanganya. Miaka mitatu ya kuinama, na hata jina lisibaki kwenye mti mmoja. Alifungua mdomo atetee haki yake kidogo tu, kisha akaiona ile Jumapili, na mikono yake mwenyewe yenye udongo.

"Sema hivyo," alimwambia. "Ni kweli. Ni yeye ndiye aliyeiokoa. Mimi nilikuwa naiua."

Roselyn aligeuza shingo chini ya karai, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakutabasamu. Akalishika karai vizuri kwa mikono miwili, akaharakisha kuwafikia wenzake.